Bushi Nne za Kavaluku

Juzi nilipita nyuma ya maduka ya Mwingi, kule mafundi wanakofanyia kazi, nikakutana na harufu iliyonisimamisha kana kwamba mtu ameniita jina. Ilikuwa harufu ya mpira unaoungua polepole juu ya makaa, na ndani yake kulikuwa na harufu nyingine ndogo ya sabuni ya kipande. Fundi mmoja alikuwa amechuchumaa mbele ya jiko, akigeuza chuma cha gari kama mtu anayechoma hindi. Nilisimama hadi akaniuliza kama nimepotea. Nikamwambia hapana, ninapita tu, lakini sikupita. Kwa muda ule nilikuwa na miaka kumi tena, kucha zimejaa grisi, na roho yangu haikukaa mahali pamoja.

Kwa hiyo niwieni radhi nikiwarudisha nyuma kidogo, hadi kwenye boma letu nje ya Kabati, na hadi kwenye gari tulilolipa jina.

Baba yangu alifanya kazi Mombasa, kwenye karakana ya malori. Krismasi moja alikuja nyumbani akiendesha gari ambalo majirani hawakuwa wameona mfano wake: jekundu, la milango miwili, limelala chini kiasi kwamba nyanya yangu, mfupi vile alivyokuwa, aliweza kuweka kikapu juu ya paa bila kunyoosha mikono. Taa zake za mbele zilijificha ndani ya boneti. Ukibonyeza swichi zilipaswa kuinuka zote mbili, lakini moja tu ndiyo iliyotii, na hivyo gari likakutazama kwa jicho moja kama mtu aliyeamshwa kabla ya usingizi kumtosha. Lilikuwa gari la mbio, la kukimbia kwenye lami laini. Baba alikuwa amelinunua kwa Mzungu aliyekuwa akihama nchi, nalo tayari lilikuwa limezeeka.

Kwetu hakukuwa na lami. Kulikuwa na mawe, vumbi na makorongo. Susu, ndivyo tunavyomwita nyanya kwa Kikamba, aliliangalia likirukaruka kuja nyumbani, akacheka hadi akajishika mbavu, akaliita Kavaluku. Kavaluku ni sungura. Jina likashika.

Kufikia Januari, Kavaluku alikuwa ameanza kugonga. Kila shimo lilipokuja, kitu kule mbele kilisema ngo, ngo, ngo. Baba aliliegesha kando ya ghala la nafaka, akainama, akachungulia chini, akasema, "Miguu imechoka. Nikirudi nitaifanyia kazi." Kisha akapanda basi kwenda Mombasa.

Hakurudi Pasaka. Hakurudi Krismasi iliyofuata, wala ile iliyofuata hiyo. Mwanzoni alipiga simu kila Jumapili, baadaye mara moja kwa mwezi, halafu simu ikawa kitu cha kusikia kwa majirani. Kuku wakataga mayai chini ya usukani. Mimi nilikuwa na kazi moja ya siri ambayo sikumwambia mtu: kila nilipochunga mbuzi karibu na barabara, nilisikiliza magari. Niliweza kutofautisha lori la mchanga na lori la ng'ombe kabla halijapanda mlima. Nilikuwa nasubiri mlio wa basi likipunguza mwendo.

Mama yangu naye hakuwa mtu wa kukaa. Alikula akiwa amesimama. Alifagia uwanja asubuhi na kuufagia tena saa nne, ingawa hakuna aliyekuwa ameuchafua isipokuwa upepo. Sokoni Kabati alikuwa na kibanda cha kuuza ndengu, na wateja walisema hawajawahi kumkuta ameketi kwenye kile kiti chake. Susu alimwangalia akizunguka, akasema, "Mkono usio na kazi hujikuna." Mama alijibu kwamba yeye hana nafasi ya kujikuna, akachukua ndoo akaenda mtoni.

Kitu kimoja mnapaswa kujua kumhusu: alikuwa binti wa makanika. Baba yake, yaani umau wangu, alikuwa na karakana kule Mbumbuni upande wa Makueni, na mama alikua akimpa spana mkononi kabla ya kuombwa. Lakini alipofika umri wa kuolewa, spana zikakaa upande mmoja na yeye akaenda upande mwingine. Hivyo ndivyo ilivyokuwa, na mimi nilidhani hakuna aliyeiona ni ajabu.

Likizo ya Agosti, nikiwa darasa la tano, mama alitoka nyumbani asubuhi moja akiwa amevaa ovaroli ya baba, miguu ameikunja mara tatu. Mkononi alikuwa na kopo la spana alilokuja nalo kutoka kwao siku ya ndoa, ambalo nilikuwa nimeliona maisha yangu yote likishikilia mlango usifunge. Aliwafukuza kuku, akaweka mikono miwili juu ya pembe ya mbele ya gari, akaikandamiza chini kwa uzito wake wote, akaiachia. Kavaluku akapanda, akashuka, akapanda, akashuka, kama mtu anayeitikia kila neno bila kusikiliza.

"Umeona?" akaniambia. "Shoki zimekufa. Ndani hakuna mafuta tena, kwa hiyo hakuna kitu kinachoizuia springi."

"Unalitengeneza?"

"Nalitengeneza."

"Baba anakuja?"

Alikuwa ameshaingia chini ya gari. Nikaona soli za viatu vyake tu. "Nataka likae tayari," akasema.

Likae tayari. Hayo maneno mawili niliyabeba kama yai. Nilijiambia kwamba mtu hatayarishi gari la mtu asiyekuja. Jioni hiyo niliwatangazia wenzangu kisimani kwamba baba yangu anarudi Desemba, na mmoja aliponiuliza nimejuaje, nikamwonyesha grisi iliyokuwa kwenye viganja vyangu.

Sijawahi kufanya kazi kwa bidii kama nilivyofanya wiki zile. Tuliinua gari kwa jeki, tukaliweka juu ya magogo na mawe bapa, tukatoa magurudumu. Nati zilikuwa zimeshikana na kutu. Mama alizilowesha dizeli usiku kucha, na asubuhi alisimama juu ya spana kwa miguu yote miwili, akiruka polepole, hadi nati ikalia na kukubali. Kila kilichotoka kilikuwa kimechoka zaidi ya kilichotangulia. Shoki zilivuja. Boljointi, lile tufe la chuma linalozungusha gurudumu, ilitikisika kama jino la mtoto. Na zile bushi, pete nene za mpira zinazokaa kwenye tundu za mikono ya chuma ili chuma kisigongane na chuma, zilikuwa zimepasuka na kukauka kama matope ya bwawa wakati wa kiangazi.

"Hizi ndizo zilikuwa zinagonga," mama alisema, akiniwekea moja mkononi. "Kitu kidogo. Gari zima linapiga kelele kwa sababu ya kitu kidogo."

Vipuri alivitafuta kwa Mzee Hassan wa Mwingi. Mzee Hassan alikuwa amekuja miaka mingi nyuma kutoka kaskazini mashariki akiuza ng'ombe, akaishia kuuza vyuma, na ilisemwa kwamba hakuna gari lililowahi kuingia Kenya ambalo hangelipatia mguu. Alichukua wiki mbili. Vipuri vilikuja na lori lake la mifugo lililokuwa likielekea Kitui, na mzee mwenyewe alikuwa ameketi mbele, amevaa kofia yake nyeupe, ili aone kwa macho yake ni mama gani huyo anayeagiza boljointi kwa namba.

Alilizunguka gari, akachungulia. "Hii springi utaitoaje?"

"Nitaifunga na mnyororo, mzee, halafu nilegeze nati ya juu."

"Mama, usifanye hivyo. Springi iliyobanwa ina hasira. Subiri nikuletee kile chombo cha kuibana."

"Lini?"

"Wiki ijayo, inshallah, nikipita."

Mama alisema sawa. Mimi nilimwona akisema sawa, na niliona pia mguu wake ukigonga ardhi. Nilijua hatasubiri. Mimi mwenyewe nisingesubiri. Nilikuwa nimehesabu vipuri vyote na kuona kwamba hatukuwa na sababu ya kuchelewa isipokuwa kile chombo.

Wakati huu wote Susu alikaa mlangoni pa jiko lake akichambua maharagwe, mgongo ameupa ghala. Hakukataza. Alisema tu, kwa sauti ya kutosha, akimwambia kuku, "Gari la mwanangu linafunguliwa kama mbuzi." Nyumbani tulizungumza Kikamba, na kwa Kikamba maneno hayo yana makali ambayo siwezi kuyapitisha hapa. Nilishangaa anachokasirikia. Nilidhani yeye kuliko sote angefurahi kwamba tunamtengenezea mwanawe gari.

Siku ya tatu baada ya Mzee Hassan kuondoka, mama alifunga springi kwa mnyororo wa kufungia fahali. Alinituma nikamletee kitambaa. Nilikuwa nimefika nusu ya uwanja niliposikia mlio, si mkubwa, kama mtu ametandika bati kwa ufito. Nilipogeuka, mama alikuwa ameanguka chini. Springi ilikuwa imepita kando ya kichwa chake, ikavuka uwanja mzima, ikapiga sufuria ya muthokoi iliyokuwa jikoni kwa Susu, na ukuta wa bati nyuma ya sufuria ulikuwa na kibonyeo ambamo ungeweza kulaza kichwa cha mtoto. Mahindi na maharagwe yalitapakaa hadi kwenye miguu ya Susu.

Kiganja cha mama kilikuwa kimechanika kutoka kidole gumba hadi karibu na kifundo. Hakulia. Alikitazama kana kwamba ni kitu alichoagiza kikaja kabla ya wakati.

Susu ndiye aliyemwinua. Alimwingiza jikoni, akamwosha kwa maji ya chumvi, akamfunga kwa kipande cha leso. Mimi niliambiwa niokote muthokoi. Niliokota punje moja moja nje ya ukuta ule wa bati, na bati, kama mnavyojua, haliwezi kutunza siri.

"Ungekufa," Susu alisema.

"Najua, mwaitu," mama akajibu. Mwaitu ni mama kwa Kikamba.

"Mtoto angekuona. Unaharakisha wapi?"

Nilisikia mama akiweka kopo la maji chini. "Kwetu," akasema. "Baba amezeeka, karakana imefungwa. Ameniita. Nikimaliza gari naenda na Mutheu." Mutheu ni mimi.

"Na mwanangu akirudi?"

"Mwaitu, wewe unajua hatarudi. Ana mke Mombasa. Ana watoto wawili. Uliambiwa kabla yangu."

Nilimsikia Susu akichochea moto ambao haukuhitaji kuchochewa.

Mtoto akisikia jambo kama hilo hafanyi yale ambayo watu wazima hudhani atafanya. Sikulia. Nilimaliza kuokota muthokoi, nikauosha, nikaurudisha. Nikala chakula cha jioni. Lakini ndani yangu kulikuwa na kitu kinachokimbia huku na huku kama panya kwenye gunia. Hasira yangu haikwenda kwa baba. Baba alikuwa mbali, na nilikuwa nimezoea kumpenda. Ilikwenda kwa mama, ambaye alikuwa ameniacha nikazane wiki tatu nikijenga njia ya kumpokea mtu, kumbe ni njia ya kumkimbia.

Kesho yake mchana, mama alipokwenda zahanati kushonwa mkono, nilifungua boksi la Mzee Hassan. Zile bushi nne mpya zilikuwa nyeusi, zinang'aa, zinanukia duka. Nilizipeleka chooni. Cha kwetu kilikuwa choo cha shimo, kirefu. Watu walisema kilichimbwa na mtu aliyekuwa akitafuta maji. Niliziangusha moja baada ya nyingine, nikisikiliza. Ya nne iliposhuka nilijuta, lakini choo hakirudishi.

Nilipotoka, Susu alikuwa amesimama karibu na kizimba cha mbuzi. Aliangalia mikono yangu. Alinishika kiwiko, akanipeleka jikoni, akanipaka majivu na mafuta ya taa viganjani, akanisugua kwa kamba ya katani hadi ngozi ikawaka. Alisugua kwa muda mrefu kuliko grisi ilivyostahili.

Mama alirudi jioni. Alifungua boksi, akalifunga, akalifungua tena. "Bushi ziko wapi?"

Nilifungua mdomo.

"Ni mimi," Susu akasema. Alikuwa ameketi kwenye kigoda chake, macho kwenye moto. "Nilizitupa chooni."

Nilingoja mama afoke. Mama, ambaye hangeweza kumvumilia mtu aliyechelewesha chai, alisimama pale na mkono wake uliofungwa, akimwangalia Susu, kisha mlango, kisha Susu tena. Halafu akafanya jambo ambalo sikuwahi kumwona akifanya: aliketi. Aliketi chini, kando ya mama mkwe wake, akanyoosha miguu.

"Sawa, mwaitu," akasema. "Basi tungoje."

Usiku ule sikulala. Nilidhani nimeshinda, lakini nilihesabu zile bushi nne zikishuka hadi jogoo akawika.

Asubuhi, Susu hakuwepo. Kigoda kilikuwepo, jiko lilikuwa baridi, na bakora yake ya kutembelea haikuwa mahali pake. Tulimtafuta shambani, tukamtafuta kanisani, tukauliza kisimani. Ni mwenye duka la kando ya barabara aliyetuambia kwamba amemwona amepanda gari la kwenda Mwingi. Mama alifikiri hajasikia vizuri. Susu hakuwa amefika Mwingi tangu kabla sijazaliwa; alisema mji ule una kelele na watu wanaotembea kana kwamba wanafukuzwa. Mama alizunguka uwanja siku nzima. Mimi nilikaa barabarani, na safari hii kila gari lililopunguza mwendo nililisikiliza kwa ajili ya mtu mwingine kabisa. Hilo sikulitambua wakati ule. Natambua sasa ninapoandika.

Alirudi jua likielekea kuzama, akitembea polepole, vumbi hadi magotini. Hakusalimu. Aliketi, akaomba maji, akanywa yote. Kisha akafungua pindo la leso yake, fundo baada ya fundo, na kwenye mapaja yake zikaanguka bushi nne.

"Yule mzee Msomali aliniuliza kama ni za juu au za chini," alisema. "Mimi nitajua wapi? Nikamwambia ni zile zinazogonga. Akacheka, akanipa hizi. Akanipa chai pia, yenye maziwa ya ngamia. Sitaki tena." Akainua na mfuko wa gunia aliokuwa ameuburuta, mzito, ndani yake kulikuwa na kile chombo cha kubania springi. "Akasema hiki urudishe."

Mama alizichukua bushi kutoka kwenye mapaja yake moja moja, kwa mkono ule mzima.

Kuanzia siku hiyo tulifanya kazi watatu. Mkono wa mama ulikuwa haujapona, kwa hiyo mimi ndiye niliyeingia chini ya gari na yeye akanielekeza. Bushi za zamani tulizichoma kwenye jiko la Susu hadi mpira ukayeyuka na kutoka, na moshi wake mweusi ulikaa kwenye nguo zetu hadi Jumapili, kanisani watu wakasogea. Mpya tulizipaka sabuni ili ziteleze, tukazivuta kuingia tunduni kwa bolti ndefu na kipande cha bomba, mimi nikikaza, Susu akishikilia chuma kwa miguu yake mitupu, akisema haoni tofauti ya kazi hii na kukamua ng'ombe mkaidi.

Nilitaka kukaza bolti za mwisho pale pale, gari likiwa juu ya magogo, nimalize, niondoke chini ya lile giza la chuma. Mama akanizuia. "Ziache zimelegea. Ukikaza sasa, mpira utapindika siku ukilishusha, na utapasuka mapema. Kwanza lisimame kwa uzito wake. Kisha ndipo ukaze." Tukalishusha. Tukafunga uzi kutoka gurudumu la nyuma hadi la mbele tuone kama yamenyooka. Mama akakandamiza pembe ya boneti, akaachia. Ikapanda mara moja, ikatulia.

Tuliondoka Jumamosi, kabla jua halijawa kali. Susu aliketi kiti cha mbele kutoka mlangoni hadi barabarani, umbali wa kama mashamba matatu, magoti yamefika karibu na kidevu, akishikilia dirisha. Gari lilipita kwenye korongo letu na halikugonga. Alisikiliza. Tulipofika barabarani aliomba ashuke. Mama alimwambia tena yale aliyokuwa akimwambia wiki nzima, kwamba nafasi ipo, kwamba nyumba ya Mbumbuni ni kubwa. Susu alisema mbuzi hawajui njia ya Mbumbuni. Alinishika uso kwa mikono miwili iliyonuka majivu, akanitazama, akafunga mlango kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. Tulivuka mto Athi. Mimi nilikuwa nyuma na magunia ya ndengu, na sikuweza kukaa. Nilijigeuza kila dakika kuangalia tulikotoka, mpaka mama akasema nitavunja shingo.

Yaliyofuata ni marefu, nami nitayafupisha. Umau alifungua karakana, akampa mama funguo, na baada ya muda mfupi watu wa Mbumbuni walizoea kuona miguu ya mwanamke ikitokeza chini ya malori yao. Tulikwenda Kabati kila mwezi, na kila mara Susu alikuwa na orodha ya malalamiko na jogoo aliyefungwa miguu tayari. Baba alikuja kwa Susu mara mbili tu katika miaka hiyo. Kavaluku tuliliuza hatimaye kwa mwalimu mmoja aliyelipenda sana na ambaye, nasikia, alilipindua mtaroni, akatoka mzima.

Siku moja, nikiwa mtu mzima, nilimkiria mama habari za choo. Alikuwa akinawa mikono. Alisema, "Nilijua siku ile ile. Mlango wa choo ulikuwa na alama za vidole vya grisi, na zilikuwa zimefika kiunoni kwangu tu. Susu hakuwa ameinama maishani mwake kufungua mlango."

"Mbona hukusema?"

"Yeye alikuwa ameshasema."

Kwa miaka mingi nilidhani Susu alidanganya ili kuniokoa na kiboko. Huenda. Lakini nadhani sasa kwamba hakudanganya sana. Aliyekaa miezi na miaka akitaka lile gari lisisogee hakuwa mimi. Mimi nilikuwa nimejua ukweli kwa usiku mmoja. Yeye alikuwa ameubeba tangu kabla ya mama, amemficha mjukuu, hata nafsi yake ameificha, na aliponiona nikitoka chooni aliona mtu mwingine amefanya kile ambacho moyo wake ulikuwa ukikifanya kila siku mlangoni pa jiko. Alipokubali kosa, ndipo akaweza kulirekebisha. Mimi nilipanda kitandani, nikajifunika blanketi. Yeye, na miguu yake ile, aliamka akaenda Mwingi. Alijua anachokifuata. Alikwenda kuchukua kitu ambacho kingeliacha boma lake tupu, na alikichagua kwa mkono wake.

Tulimzika mwaka jana. Baada ya mazishi, mama mmoja jirani, aliyehamia pale baada ya sisi kuondoka, alikuja kutuamkua, akamshika mama mkono, akaugeuza na kuliangalia lile kovu. "Kumbe ni wewe," akasema. Akatuambia kwamba miaka yote ile, watu walipomwuliza Susu mke wa mwanawe alikwenda wapi, alikuwa akiwajibu kwamba hana habari za mke wa mtu. Ana binti, alikuwa akisema, na binti yake ni makanika, ana kovu la springi kiganjani, yuko Mbumbuni.

Mama alitafuta kiti, akaketi.